Maji ya Mzee Feliksi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango mkubwa wa kanisa, Stephania alifanya jambo moja ambalo hakuna padre aliyewahi kumwagiza. Aliacha kandambili zake kwenye kizingiti cha sakristia, akakanyaga sakafu ya matofali kwa miguu mitupu mpaka kwenye shubaka lililokuwa ukutani, kushoto kwa altare. Hapo alishika ncha ya kanga yake, akapuliza pumzi kwenye kioo cha kikasha kilichokuwamo, akakifuta taratibu. Kisha alikunja goti na kusema, "Shikamoo, Mzee Feliksi." Alingoja kidogo, muda wa kumtosha mtu mzima kuitikia, ndipo akaenda kufungua.

Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na saba.

Mzee Feliksi alikuwa mfupa. Hata kusema mfupa ni kumkuza, maana ilikuwa chembe tu, kama punje ya mtama, imebandikwa kwenye kitambaa chekundu cha hariri ndani ya kikasha cha shaba cha mviringo, kidogo kama saa ya mfukoni. Mbele kilikuwa na kioo, nyuma lakiri nyekundu yenye mhuri. Mapadre wa kwanza waliitoa Roma, wakaivusha nchi nzima kwa miguu kutoka pwani, wakamjengea yule shahidi kanisa la mawe na matofali ya kuchoma juu ya kilima cha Nyabusozi, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote na, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo ng'ambo. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita. Kwenye kibao cha ukutani aliandikwa Mtakatifu Feliksi, Shahidi, lakini watu wa pale walimwita Mzee, kama wanavyomwita yeyote aliyewatangulia kufika mahali. Hata kina mama wa Kiislamu waliopandisha dagaa kutoka Ujiji, wakipita nyuma ya nyumba ya padre na ndoo zao, walipaza sauti: "Stephania! Tusalimie Mzee wenu!"

"Zimefika," alijibu, bila kucheka. Stephania hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na chumba chake kilikuwa ubavuni mwa sakristia. Funguo za kanisa zilining'inia kiunoni mwake usiku na mchana, na sifa yake ilikuwa moja: hakuna kitu kilichowahi kupotea mikononi mwake, hata kipande cha mshumaa.

Zamani, enzi za mapadre wa kizungu, Mzee Feliksi alikuwa akitoa maji. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua, au mtoto aliyekamatwa na degedege, alitumiwa kikombe kutoka kanisani. Kikasha kilitumbukizwa mara tatu katika maji baridi ya chemchemi iliyo chini ya kilima, mgonjwa akayanywa, basi. Padre Oswald alipokuja, Mha kijana kutoka upande wa Kasulu, alipiga marufuku jambo hilo Jumapili yake ya pili.

"Mtakatifu si Panadoli," alisema mimbarini. "Mwombeni awaombee. Dawa mkachukue zahanati."

Watu walicheka. Stephania alitii. Kwa miaka miwili kikasha hakikugusa maji.

Kisha ikaja ile miaka ya mitumbwi. Vita vya ng'ambo viliwamwaga watu ufukweni kila alfajiri, wamelowa, na sufuria kichwani na watoto mgongoni. Serikali iliwachukua kwa malori kuwapeleka kambini, lakini malori hayakutosha, na uwanja wa misheni ya Nyabusozi ukajaa mahema ya turubai mpaka kwenye makaburi ya mapadre. Stephania aliwagawia uji asubuhi na kuwagombeza mchana. Aliwagombeza kwa kuanika nepi juu ya misalaba, kwa kuchemshia maharage ukutani mwa kanisa mpaka ukuta ukaingia masizi. Walimwogopa, wakamwita Mama Funguo.

Februari kipindupindu kikaingia. Bwana afya alikuja na kipaza sauti, akasimama juu ya ngazi za kanisa.

"Chemsheni maji!" alipiga kelele. "Maji ya kunywa, chemsha! Ya kunawia, chemsha! Hata maji ya baraka ya padre, yachemsheni kwanza!"

Lile la mwisho lilikuwa utani. Stephania hakujua kama lilikuwa utani.

Siku ya Jumatano, Padre Oswald akiwa ametoka na pikipiki kwenda kwenye vigango vya Kalinzi, mwanamke mmoja wa mahemani alikuja mlangoni pa sakristia. Jina lake lilikuwa Agnesi. Mgongoni alibeba binti yake wa miaka minne, Merina, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Tangu jana mtoto alikuwa akitapika na kuharisha, na maji ya chumvi aliyopewa zahanati hayakukaa tumboni.

"Mama Funguo," Agnesi alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "bamama ba hapa baliniambia muko na maji ya Mutakatifu. Niko naomba kidogo. Kidogo tu."

"Padre alikataza."

"Padre eko wapi?"

"Kalinzi."

Agnesi alimfungua mtoto mgongoni, akamweka sakafuni kwenye ubaridi wa matofali, akakaa kando yake. Stephania alimtazama yule mtoto. Macho yalikuwa yamezama, na midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Akaenda kwenye shubaka.

Hakuchukua maji ya chemchemi. Aliyakumbuka maneno ya bwana afya. Jikoni kwake kulikuwa na sufuria iliyotoka kuchemka, akamimina kikombe cha bati kikajaa, na kwa kuwa mtoto alikuwa akikata roho mbele yake hakungoja yapoe. Alitumbukiza kikasha mara moja, akasema jina la Baba; mara ya pili, la Mwana; mara ya tatu, la Roho Mtakatifu, na hiyo ya tatu akakiacha humo kitambo, maana alitaka sana kiponye. Kisha alikiweka mezani, akayapunga maji kwa kifuniko mpaka yakawa vuguvugu. Agnesi akamwinua mtoto kichwa. Merina, ambaye tangu jana alikuwa akitema kila kitu, alikunywa kikombe kizima hadi tone la mwisho.

"Aksanti, Mama. Aksanti sana."

Ni baada ya wao kutoka ndipo Stephania alipochukua kikasha akifute. Kioo kilikuwa kimelegea upande mmoja, kama ukucha unaotaka kung'oka. Lakiri nyuma ilikuwa imelainika, mhuri umetanuka, hausomeki. Na kitambaa chekundu kilikuwa kitupu. Palipokuwa na Mzee Feliksi palibaki alama ya gundi, ya kahawia, kama doa la chai.

Alitazama ndani ya kikombe. Akakipindua, akakigonga kwenye kiganja. Akapiga magoti akapapasa sakafu, tofali kwa tofali, mpaka mlangoni. Shahidi aliyekuwa amevuka bahari na nchi nzima bila kupotea alikuwa amemezwa na mtoto wa mkimbizi, kwa sababu Stephania alimchemsha.

Mtu mwingine angekaa chini akalia. Pengine angemkimbilia katekista, Mzee Dismasi, aliyekuwa akipalilia maharage nyuma ya bweni, na kumwambia. Stephania alijikuta akitembea kwenda mahemani, akasimama mbele ya hema la Agnesi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto ameenda haja?"

"Bado, Mama."

"Akienda... uniite."

Macho ya Agnesi yalijaa machozi. Hakuna mtu, tangu washuke mtumbwini, aliyekuwa amewauliza jambo la ndani namna ile. "Mungu akubariki, Mama Funguo," alisema. "Uko na roho ya mama kabisa."

Stephania alirudi chumbani kwake masikio yakiwaka moto. Na Agnesi hakumwita. Jioni alimwona akitoka chooni amembeba mtoto, naye akashindwa kumfuata, akashindwa kusema, Nipe nitafute. Angeanzaje?

Kesho yake mchana alikuwa akila. Ugali na mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwani. Mlio wa pikipiki ya Padre Oswald ulisikika ukipanda kilima, ukipotea kwenye kona, ukirudi karibu zaidi. Padre alikuwa na desturi ya kupitia kanisani kwanza, hata kabla ya kunawa vumbi. Stephania alitazama sahani yake. Kando ya sahani palikuwa na uti wa mgebuka, mweupe, safi, kama alivyouacha.

Aliuvunja kwa meno. Kipande kidogo, kama punje ya mtama. Akakisuuza kwa maji ya kunawia, akakibandika kwenye doa la gundi kwa tone la mshumaa, akarudisha kioo mahali pake, akaipitisha lakiri juu ya moto na kuisawazisha kwa kidole gumba. Padre alipoingia, akiwa bado na kofia ya pikipiki mkononi, kikasha kilikuwa ndani ya shubaka na Stephania alikuwa akifagia.

"Mwakeye, Mama," Padre alimsalimia kwa Kiha, ingawa asubuhi ilikwisha kupita. "Hapa salama?"

"Salama, Padre."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakupanga. Baadaye alipolirudia jambo lile kichwani, na alilirudia kila siku, kilichomuumiza si kwamba alikuwa ametenda uovu mkubwa kwa hila kubwa. Ilikuwa haraka, kama mtu anayefunika chungu kwa sababu mgeni amebisha hodi.

Merina alipona. Stephania alijua kwamba siku ileile jioni mganga wa zahanati alikuwa amemtundikia drip, na kwamba maji ya chumvi yalikuwa yameanza kukaa tumboni. Lakini Agnesi alikuwa amekwisha kuamua ni nani aliyemponya mwanawe, na kila asubuhi alikuja na mtoto, akamsimamisha mbele ya shubaka, akamfundisha kukunja goti. "Sema aksanti kwa Baba Feliksi." Mtoto alisema. Stephania, akiwa amesimama nyuma yao na ufagio, alimtazama yule mtoto tumbo.

Tangu siku ile alikifuta kioo bila kukitazama. Salamu aliitoa, maana Mzee Dismasi alikuwa ameizoea na angeuliza, lakini aliisema haraka, na hakungoja.

Halafu kulikuwa na paka. Misheni ilikuwa na paka wa manjano, mkamata panya wa stoo, ambaye hakuwa na habari na kanisa maisha yake yote. Juma lile lote alikuja akaketi chini ya shubaka, mkia umezunguka miguu, pua juu. Stephania alimfukuza kwa kandambili, kwa ufagio, kwa maji. Alirudi. Jumapili, katikati ya mahubiri, alikuwa pale, na Padre Oswald akamwona.

"Tazameni," Padre alisema, na kanisa zima likageuza shingo. "Hata paka amepata imani. Ninyi mnaokaa nje wakati wa mahubiri mnasemaje?"

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Stephania aliinama akajifanya kufunga kamba ya kifurushi cha mishumaa. Usoni alihisi kama amemwagiwa yale maji ya sufuria.

Habari ya Merina ilishuka kilima, ikaingia kwenye malori, ikafika kambini. Watu wakaanza kuja. Mwanzoni wawili watatu, kisha vikundi, wengine wametembea tangu jana yake, wamelala Kidahwe kwa watu wema, wameingia Nyabusozi na vumbi jekundu mpaka magotini. Walitaka kubusu kioo. Padre Oswald, ambaye hakupenda habari za miujiza, alisumbuka kwa muda, halafu akalainika. Alikuwa amezika watu wengi mwezi ule. Pengine naye alihitaji kitu.

"Siwaambii kwamba mfupa unaponya," alimwambia Stephania wakiwa sakristia. "Lakini mtu amepoteza nyumba, amepoteza watu wake, anataka kugusa kitu kilichodumu. Nimkatalie? Tutaweka siku moja, Jumapili ya pili ya Mei, waje wote kwa utaratibu. Mimi nitashika kikasha, wewe utafuta kioo kwa kitambaa cheupe baada ya kila mmoja. Hakuna mwingine ninayemwamini na Mzee kama wewe."

"Padre..."

"Ndiyo?"

"Vitambaa vyeupe vinatosha. Nitafua."

Juma la sikukuu alikuja msichana kutoka Dar es Salaam, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyetaka kuandika juu ya makanisa ya kale ya pwani ya ziwa. Aliitwa Catherine. Alizaliwa Kasingirima, mjini, kando ya ziwa lilelile, lakini alikuwa hajawahi kupanda kilima kile. Alilala kwenye mkeka chumbani kwa Stephania, na alikuwa na haya kiasi kwamba siku ya kwanza alikaa na njaa kuliko kuuliza chakula kiko wapi. Alipima kuta kwa kamba. Alichora madirisha. Alipofika kwenye shubaka alisogeza uso karibu na kioo, akatazama kwa muda mrefu, mrefu kuliko mtu anayesali, akiwa na penseli mdomoni.

Stephania aliuacha mshumaa aliokuwa akiuchonga. "Unaona nini?"

"Nothi..." Catherine alianza, akajikatiza kwa aibu ya kuteleza kwenye lugha ya darasani, akatikisa kichwa. "Hakuna, Mama. Ninatazama tu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Stephania, ambaye alisoma mpaka darasa la nne, hakulala vizuri siku zile kwa sababu ya lile daftari.

Jumapili ilifika. Watu walijaza kanisa, wakajaza ngazi, foleni ikateremka mpaka penye chemchemi. Misa ilipokwisha Padre Oswald alivaa shingoni stola nyekundu, akakitoa kikasha kwenye shubaka, akasimama mbele ya altare. Stephania alisimama kuumeni kwake na rundo la vitambaa alivyovipiga pasi mwenyewe. Wakaanza.

Mtu alipiga goti, akabusu, Stephania akafuta. Mwingine akapiga goti, akabusu, akafuta. Wazee kwa vijana. Mwanamume mmoja asiye na mkono aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akakaa hivyo, na Padre hakumharakisha. Bibi mmoja alibusu, akamshika Stephania mkono uliokuwa na kitambaa, akaubusu na huo pia. Stephania aliuvuta mkono kana kwamba umeungua. Alijiambia kwamba wanambusu Mungu, si mfupa. Alijiambia kwamba jioni itafika, kila mmoja atakwenda zake. Alikuwa amejiambia mambo ya namna hiyo tangu Februari, na yalikuwa yamechakaa kama nguo ya kazi.

Agnesi alifika mbele akiwa na Merina kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alishika bahasha ya nailoni iliyokunjwa. Hakupiga goti mara moja. Aliifungua bahasha, akatoa kitambaa cha kitani, cheupe zamani, chenye misalaba midogo iliyodariziwa pembeni na doa kubwa la maji ya ziwa katikati.

"Padre," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka nyuma maana watu walikuwa wametulia, "hiki ni kitambaa cha altare ya kanisa yetu kule. Balichoma kanisa. Miye nilikuwa nafua vitambaa, kwa hiyo hiki kilikuwa kwangu. Nilimufungia mutoto ndani yake mu mutumbwi. Sina kitu ingine ya kule. Nataka kilale hapa, chini ya Mutakatifu, kwa sababu alinirudishia mutoto."

Padre Oswald alimwashiria Stephania akipokee.

Stephania alinyoosha mikono. Kitambaa kilikuwa chepesi, kimefuliwa, kimekunjwa kwa mikunjo ileile ambayo yeye mwenyewe alivikunjia vitambaa vya altare: mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana. Alijua mikunjo ile inafundishwa na nani na inachukua muda gani kuijua. Huyu mwanamke alikuwa mtunza sakristia kama yeye. Kanisa lake limeungua, na amekiokoa kile alichokabidhiwa.

"Usikiweke," Stephania alisema.

"Vipi, Mama?" Padre aliuliza.

"Usikiweke, Agnesi. Mzee hayupo humo."

Padre Oswald alidhani amechoka. "Stephania, kaa kidogo. Dismasi, mletee kiti."

"Sitaki kiti. Huo si mfupa wa mtakatifu, Padre. Ni wa mgebuka. Niliuweka mimi, kutoka kwenye sahani yangu. Mzee alitoka kwenye maji, siku ile ya mtoto. Nilimtia kwenye maji ya moto. Mtoto alimnywa."

Alisema yote mara moja, bila kuinua macho. Mtu wa foleni ya mbele akamuuliza jirani yake, "Amesema nini?" na jirani akasema, "Mgebuka." Neno likapita. Mgebuka, mgebuka, likateremka kanisani kutoka benchi hadi benchi kama linavyoitwa sokoni, likatoka mlangoni, likashuka ngazi kwa wale waliosimama juani. Mahali fulani nje mtu alicheka, akanyamazishwa. Yule bibi aliyembusu Stephania mkono alikuwa bado hajafika mbali. Alisimama pale, akapangusa midomo yake kwa kiganja, polepole, kisha akakipangusa kiganja kwenye gauni.

Padre Oswald alikigeuza kikasha kwenye mwanga. Alikitazama kwa makini, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akikitazama kwa mara ya kwanza. Uso wake ulibadilika rangi.

"Tangu Februari," alisema.

"Tangu Februari, Padre."

"Nimewabusisha watu." Hakuwa akimwambia mtu. Alikifunga kikasha ndani ya stola, akaingia sakristia, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Agnesi ndiye aliyebaki. Stephania alimrudishia kitambaa, naye akakipokea, akakikunja upya kwa mikunjo yake, akakirudisha kwenye nailoni. Hakuwa na hasira usoni. Stephania angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Ndiyo sababu uliniuliza kama alienda choo," Agnesi alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia, Mama. Ningekusaidia kumutafuta." Alimshika Merina mkono. "Miye ningetafuta mpaka nimupate."

Wakatoka pamoja, na foleni iliwapisha.

Jioni ile Padre Oswald alizungumza na Stephania mbele ya Mzee Dismasi, kwa maneno machache. Kikasha kitapelekwa kwa askofu pamoja na barua, na barua ataiandika yeye, na lawama ya kutotazama ataiandika ni yake. Chumba Stephania atabaki nacho. Funguo zitakaa kwa Dismasi. Stephania alizifungua kiunoni. Zilikuwa zimekaa pale muda mrefu hata kanga ilikuwa na kutu mahali zilipolala. Dismasi alizipokea akitazama pembeni, kama anayepokea kitu kutoka kwa mtu aliye uchi.

Jumatatu malori yalikuja. Jina la Agnesi lilisomwa. Stephania alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, mahali pa kuona bila kuonwa, akamwona akipandisha mtoto kwanza, halafu bahasha ya nailoni, halafu yeye. Stephania alikuwa amemwandalia Agnesi chupa ya uji wa njiani. Chupa ilibaki mkononi mwake lori lilipoteremka kilima.

Catherine alikuwa akiondoka siku hiyohiyo. Alikuwa amekwisha kufunga begi lake, na alimkuta Stephania bado nyuma ya jiko, chupa mkononi. Kwa siku sita msichana yule hakuwa amemuuliza chochote kinachohusu watu. Aliuliza unene wa kuta, miaka ya madirisha. Alisimama sasa akichezea kifungo cha blauzi. Daftari lilikuwa ndani ya begi.

"Mama," alisema hatimaye, karibu kwa kunong'ona. "Samahani. Siku ile, ulipouvunja ule mfupa wa samaki... ulikuwa unamwogopa nani?"

Stephania aliiweka chupa juu ya jiwe.

"Padre," alisema. "Mungu hata sikumkumbuka."